Maury: ramani za bahari na bendera ya Kusini

Julai 2020, sanamu ya Matthew Fontaine Maury, afisa wa majini wa karne ya 19 aliyechora ramani za bahari kisha akajiunga na waasi wa Kusini waliotetea utumwa, iliteremshwa mjini Richmond, Virginia, ilikokuwa imesimama tangu 1929. Mwaka 2023 Jeshi la Majini la Marekani likaliondoa jina lake kwenye meli ya utafiti na kuipa lile la Marie Tharp, mwanamke aliyechora ramani ya sakafu ya Atlantiki. Wapo waliolalamika kwamba mwanasayansi mkubwa anahukumiwa kwa siasa zake. Hoja yao ina uzito, na inastahili kupimwa kabla ya kukataliwa.

Maury aliingia Jeshi la Majini 1825 akiwa kijana wa miaka 19. Mwaka 1839 gari la farasi alilopanda huko Ohio lilipinduka, akavunjika mguu na kubaki na kilema. Ubaharia ukaishia hapo. 1842 akakabidhiwa bohari ya ramani na vyombo vya jeshi mjini Washington, na humo akakuta batli, yaani daftari za kumbukumbu za safari, za meli za kivita zimerundikana. Siku baada ya siku manahodha walikuwa wameandika upepo unavuma kutoka wapi na mkondo unaisukuma meli upande gani. Maury akaziweka pamoja safari za eneo moja na majira yale yale, akatafuta kinachojirudia. Ramani zake zilianza kutoka 1847, na nahodha alipewa bure ilimradi ajaze batli yake na kuirudisha. Mwaka 1851 merikebu Flying Cloud, ikiongozwa kwa hesabu za Eleanor Creesy aliyezitumia kazi za Maury, ilitoka New York hadi San Francisco kwa siku 89, tena kwa kuzunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini. Miaka miwili baadaye, mjini Brussels, mataifa yalikubaliana kurekodi hali ya hewa baharini kwa utaratibu mmoja. Ni kazi kubwa, na hakuna sababu ya kuipunguza.

Aprili 1861, Virginia, jimbo lake, ilipojitenga na Marekani pamoja na majimbo mengine ya Kusini yenye utumwa, Maury alijiuzulu akajiunga na waasi. Wanaomtetea wanasema kabla ya hapo alihimiza suluhu, na kwamba enzi hizo mtu aliliona jimbo lake kama nchi yake. Ni kweli wengi waliona hivyo. Lakini David Farragut, mzaliwa wa Tennessee aliyekuwa akiishi Norfolk, Virginia hiyo hiyo, alifungasha mizigo akahamia Kaskazini, na ndiye aliyekuja kuwa admirali wa kwanza wa Marekani. Njia nyingine ilikuwepo, na aliyeifuata alikuwa afisa mwenzake.

Kwangu mimi, hata hivyo, 1861 si mwaka mzito kuliko yote. Tazama 1851, alipofanikisha shemeji yake, Luteni William Lewis Herndon, kutumwa kuichunguza Amazon. Maury alitaka wenye watumwa wa Kusini wahamie huko pamoja na watumwa wao. Na hoja yake ilitoka kwenye ujuzi ule ule: mikondo huyabeba maji ya Amazon kuelekea Karibi na Ghuba ya Meksiko, hivyo kwake bonde lile lilikuwa kama mwendelezo wa Mississippi, mto mkuu wa Kusini. Watetezi hujibu kwamba alitaka kuipunguzia Virginia mzigo wa utumwa. Sawa, lakini mtumwa angepunguziwa nini kwa kupelekwa Brazili akiwa bado mali ya mtu?

Ndiyo maana sikubali kumgawa Maury vipande viwili, msomi huku na mwasi kule. Baada ya Kusini kushindwa vita alikwenda Meksiko kwa mfalme wake Maximilian, akasimamia mpango wa kuwapa makazi wenzake wa Kusini. Hakuna aliyemlazimisha.

Ramani zake zitunzwe na zifundishwe, pamoja na barua zake kuhusu Amazon. Jina kwenye meli ya jeshi ni heshima ya taifa zima, wakiwemo wajukuu wa watu aliotaka kuwasafirisha, na Jeshi la Majini lilikuwa na haki ya kumpa Tharp.