Vioja vya magazeti ya zamani: tuvisambaze au tuviache?

Watu wengi wanavijua vita vya Unguja vya 27 Agosti 1896 kwa jambo moja tu: ufupi wake. Makombora ya manowari za Uingereza yalianza kulia saa tatu na dakika mbili asubuhi, na kwa hesabu inayotajwa zaidi, dakika 38 baadaye kila kitu kilikuwa kimekwisha. Ndiyo maana habari hii inasambaa kila leo kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na picha ya kasri lililobomoka, na watu wanacheka.

Mimi sicheki. Katika dakika hizo watu wapatao 500 wa upande wa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, waliuawa au kujeruhiwa, wakiwamo watumishi na watumwa wa kasri ambao hakuna aliyewauliza nani awe sultani. Kwa Waingereza aliumia baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akavushwa Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akapelekwa uhamishoni, na mwisho akafia Mombasa mwaka 1927. Miaka 31 ya maisha ya mtu haimo kwenye kile kipande kinachosambazwa.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu magazeti ya zamani yanazidi kuwekwa mtandaoni, na kila wiki kuna mtu anaibuka na kioja kipya: simba aliyeingia mjini, mganga aliyeshtakiwa, bei ya mchele ya zama za babu. Wapo wanaosema vipande vya namna hii vinatudhalilisha na ni afadhali vibaki makabatini. Wapo wanaosema bila vioja hivyo vijana hawatasoma historia kabisa. Pande zote mbili zina hoja nzito.

Niwape nafasi kwanza wenye wasiwasi. Magazeti mengi ya enzi hizo hayakuwa yetu, hata yalipoandikwa kwa Kiswahili. Kiongozi, lililochapwa Tanga kuanzia miaka ya mwanzo ya 1900, lilikuwa chini ya shule ya serikali ya Kijerumani. Mambo Leo lilianza Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza. Waalimu na makarani Waafrika waliandika humo kwa wingi, na kwa Kiswahili kitamu, lakini mwenye gazeti ndiye aliyeamua kipi kitoke na kipi kitupwe. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung la Dar es Salaam, ambalo leo linasomeka bure kupitia maktaba ya taifa ya Berlin, lilikuwa la walowezi tangu lilipoanza mwaka 1899. Ukitafuta humo habari za Maji Maji, utakutana na hofu za mwenye shamba kabla hujakutana na Mmatumbi aliyeng'oa pamba aliyolazimishwa kulima. Tena herufi zake ni zile za Kijerumani cha kale. Kompyuta inazikosea mara kwa mara, inasoma "s" kama "f", na jina la kijiji ulichokitafuta linaweza kukupita bila wewe kujua.

Kuna na suala la majina. Magazeti yalitaja watu: aliyeshtakiwa kwa uchawi, mke aliyetoroka, mtu aliyeitwa mtumwa wa fulani. Zamani ilibidi uende maktaba ukafunue majalada. Siku hizi jina la babu wa mtu hupatikana kwa sekunde, na pwani yetu tunajua vizuri jinsi maneno ya asili na nasaba yanavyoweza kuvunja posa na kuwasha ugomvi. Hapa nakubaliana nao moja kwa moja: nakala ya maktaba ibaki kamili kwa watafiti, lakini anayerusha kioja mtandaoni afiche jina la mtu wa kawaida.

Hata hivyo, kusema vioja viachwe kabisa kunanishinda, na kinachonishinda ni mumiani. Katika mwaka wake wa kwanza, Mambo Leo lilichapa barua ya msomaji kuhusu mumiani, wale watu waliosemekana kukamata wenzao na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Ukiikata barua kama hiyo na kuirusha peke yake, unachoonyesha ni Waafrika waoga wa 1923 wanaoamini ushirikina. Irudishe katika mwaka wake. Vita Kuu ilikuwa imekwisha Afrika Mashariki Novemba 1918. Wapagazi waliokufa humo kwa njaa, kuhara na uchovu wanakadiriwa kufika karibu laki moja, na wengi hawakurudishwa kwao wala kupata hata kaburi. Jina Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Aliyesoma Mambo Leo miaka mitano baadaye alikuwa ameona kwa macho yake vijana wakichukuliwa kijijini na wasirudi. Imani ya mumiani ni ya zamani kuliko vita hiyo, wala sidai kwamba vita ndiyo iliyoizaa. Lakini hofu ya serikali inayokula watu ilikuwa na sababu zake, na ripoti za mabwana wilaya hazikuieleza kwa sauti ya walioihisi.

Baadaye, huko Nairobi, Kampala na kwingineko, hofu hiyo iliwaangukia wazimamoto na magari yao mekundu. Congo nako ilikuwa na yake, batumbula, watu waliosemekana kukamata wenzao. Mwanahistoria anayekusanya habari hizi kutoka miji mbalimbali anapata ramani ya hofu ya wananchi chini ya ukoloni. Ramani hiyo haipatikani bila vioja.

Kwa hiyo kwangu ubaya uko kwenye mkasi. Kioja kikitoka na jina la gazeti, tarehe, mwenye gazeti na safu zilizokizunguka, kinafundisha. Mtu akiona barua ya mumiani karibu na tangazo la kodi, maswali yatamjia yenyewe.

Ugumu ni kwamba ukurasa mzima haupatikani kwa wote kwa usawa. Magazeti ya Uingereza yaliyoandika juu ya Unguja mwaka 1896 mengi yako kwenye hifadhi za kulipia, na mwalimu wa sekondari Chake Chake hawezi kulipa paundi kila mwezi ili asome jinsi mji wa Unguja ulivyopigwa mabomu. Ndiyo maana naona kipaumbele kiende kwa magazeti yaliyomilikiwa na Waafrika wenyewe. Gazeti la Kwetu, alilolianzisha Erica Fiah, mwenye duka wa Dar es Salaam aliyetoka Uganda, mwaka 1937, liliandika juu ya mishahara, biashara na ubaguzi kwa ukali ambao Mambo Leo lisingeuruhusu. Kurasa zake zikiwekwa mtandaoni bure, zikatafutika kwa Kiswahili, msomaji ataweza kulifungua kando ya Mambo Leo la mwezi huohuo na kuona lipi lilisemwa huku na likanyamaziwa kule.