Nyekundu ya bendera yetu ina wenyewe

Mukami Kimathi alifariki Mei 2023. Mumewe, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji wa uhuru wa Kenya, alinyongwa na wakoloni katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa humo humo, na miaka nenda miaka rudi mjane huyu aliomba jambo moja: aonyeshwe kaburi, amzike upya kwa heshima. Serikali zikaja zikaenda. Akazikwa yeye kabla hajajibiwa.

Humfikiria mama huyu kila ninaposikia watu wakipimana uzalendo kwa rangi za bendera. Bangili za shanga, skafu, fulana, yote ni mazuri na mimi pia huyavaa. Shuleni watoto wetu husimama paredi na kutaja maana bila kusita: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Wamefundishwa vyema. Lakini hiyo damu ilikuwa ya nani?

Bendera ilipandishwa Desemba 1963, rangi tatu zikiwa zimetokana na bendera ya chama cha siasa cha KANU na nyeupe ikaongezwa. Tangu siku hiyo nyekundu imepepea kila ofisi ya chifu. Ilhali Mau Mau, waliolala msituni Aberdare na Mlima Kenya, waliendelea kuwa chama kilichopigwa marufuku kisheria hadi 2003. Miaka 40! Tuliienzi damu, wenye damu tukawaacha na sheria ya mkoloni shingoni. Hata fidia ya 2013, pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa, ilitoka Uingereza baada ya wazee wenyewe kwenda mahakamani London.

Ndiyo maana Juni 2024 ilinigusa sana. Kwa kawaida bendera tunaiona kwenye magari ya wakubwa, na sheria imewataja wachache wanaoruhusiwa kuipeperusha garini. Mwaka ule vijana waliopinga Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, waliibeba wenyewe, wengine wameifunga mabegani kama leso, wakiimba wimbo wa taifa barabarani. Tarehe 25 polisi walifyatua risasi za moto karibu na Bunge, na watu wakafa. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada. Wapo walioona vijana wale wameidhalilisha bendera. Mimi naona hawajawahi kutokea watu walioielewa zaidi, kwa sababu walijua nyeusi ile ni wao.

Sasa kuna wazazi wanaosubiri kesi za watoto wao waliouawa zisikizwe, kama Mukami alivyosubiri. Kiongozi anayetaka kutuhubiria uzalendo sikukuu ijayo ya kitaifa aje na majibu mawili: Kimathi amelala wapi, na ni nani aliyefyatua risasi siku ile.