Wapakiaji wana NSSF, anayefungua duka hana

Mzee mmoja wa Busia, Uganda, ninayemheshimu sana aliniambia juzi, kwa fahari, kwamba wafanyakazi wa duka lake wote wana NSSF, ule mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni: wapakiaji wanne na dereva wa lori. Nilimpongeza kwa moyo mweupe, kwa sababu nawajua matajiri wa mpakani wenye maghala matatu ambao hawajawahi kumwekea mtu hata shilingi. Kisha nikamuuliza, na mama, mkeo, je? Akanijibu papo hapo: "Yule si mfanyakazi, yule ni mwenye duka."

Tangu siku hiyo sijatulia. Leseni ya biashara ina jina la mzee. Akaunti ya benki ni ya mzee, kiwanja ni cha mzee, na kadi ya lori ina jina lake. Huyo mama ni mwenye duka kwa lipi?

Nalijua duka hilo. Simenti ikitoka Tororo alfajiri, mama ndiye anayesimama mlangoni na leso kichwani, akihesabu mifuko inavyoshuka na kuirudisha iliyopasuka. Daftari la madeni liko mikononi mwake. Anajua fundi yupi hulipa Jumamosi na yupi atazima simu. Na kila mwezi, kabla ya tarehe 15, yeye ndiye anayeandaa malipo ya NSSF ya wale vijana wanne na dereva, na jina moja moja analikagua lisikosewe. Hela ikiingia, simu za vijana zinalia na ujumbe kwamba mchango umepokelewa. Yake hailii.

Zamani kulikuwa na kisingizio. Sheria ya mwaka 1985 iliachia mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya watano, na maduka mengi yalijificha humo. Marekebisho yaliyosainiwa Januari 2022 yakaziba tundu hilo: mwajiri yeyote, hata wa mtu mmoja, achangie. Asilimia 10 anatoa mwajiri, asilimia 5 inakatwa kwenye mshahara. Sasa tatizo la mke limebaki mahali pamoja tu, kwamba hana mshahara. Anakula dukani, anavaa kutoka dukani, watoto wanasomeshwa na duka, lakini hakuna karatasi hata moja inayosema mwezi huu amelipwa kiasi fulani kwa kazi fulani. Palipokosekana mshahara, asilimia 15 itatoka wapi?

Linaloniumiza zaidi ni kwamba sheria yenyewe imemfungulia mume mlango wa kutokea. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema haimhusu mwajiri na jamaa wanaomtegemea, ikiwa jamaa hao ndio wafanyakazi pekee wa biashara ya familia na hawazidi watano. Mzee wangu kifungu hicho hakimsaidii, wapakiaji wake si ndugu zake. Lakini fikiria vibanda vyote vya mume na mke kuanzia Malaba hadi Arua. Bunge liliwatazama wale wanawake wakaonekana ni jamaa, basi.

Sasa tuseme lile ambalo watu hawapendi kulitaja mume akiwa hai. Siku mzee akifumba macho bila wasia, Sheria ya Urithi kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 inampa mjane asilimia 20 ya mali. Watoto wanachukua 75, jamaa tegemezi 4, mrithi wa kimila 1. Ni afadhali kuliko zamani, alipopewa 15. Lakini hiyo 20 wake wote wanagawana, na wote tunajua wake wengine hujitokeza siku ya mazishi. Tena lazima uwe mke anayetambuliwa na sheria. Mama aliyekaa na mwanaume miaka mingi, akamzalia, akamjengea duka kuanzia kiosko, bila ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya serikali wala ya kimila, hiyo asilimia 20 haimjui. Wangapi wako hivyo katika mtaa wako? Wataje tu kwa vidole.

Na wakiachana wakiwa hai? Mahakama ya Juu ilikwisha kusema mwaka 2013 kwamba kufunga ndoa peke yake hakukupi nusu ya kila alicho nacho mwenzio. Mchango wako ndio unaoangaliwa, hata ule usio wa pesa taslimu, lakini uonekane. Mama wa duka atauonyesha kwa nini? Daftari la madeni lina hati yake ya mkono, ni kweli, na siku ya ugomvi daftari ndilo la kwanza kupotea.

Akaunti ya NSSF haina mambo hayo. Haikuulizi cheti cha ndoa, haigawanywi na kikao cha ukoo, na shemeji hawezi kuja na kufuli lake kuifunga. Ina jina la mtu, namba ya mtu, na kila mwezi uliochangiwa umeandikwa pamoja na jina la mwajiri. Siku mama akisimama mbele ya hakimu, taarifa hiyo ya michango ni ushahidi kwamba alifanya kazi pale, tangu lini, kwa mshahara gani. Hata akiba yenyewe ikiwa ndogo, ushahidi huo peke yake unatosha kunifanya nipige kelele.

Na si ndogo sana. Mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi unaingiza 60,000: duka linatoa 40,000, yeye anakatwa 20,000. Kwa miaka 10 ni 7,200,000 kabla ya riba, na riba ya mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa asilimia 11.5. Akifika miaka 45 na amechanga miaka 10, anaruhusiwa kuchukua asilimia 20 ya akiba yake. Akifika 55 anachukua zote kwa mkupuo.

Najua mtanijibu nini. Biashara ndogo haina pumzi, Januari shule zinakamua, na asilimia 10 juu ya mshahara ni mzigo. Nakubali ni mzigo. Mshahara wa 400,000 unakatwa na PAYE pia, yaani kodi ya mshahara. Lakini mzigo huohuo mzee anaubeba kwa vijana watano bila kulalamika. Mtasema Bunge liliunda kamati kuuchunguza mfuko wa NSSF mwaka 2023. Ni kweli liliuchunguza, na wanachama wana haki ya kuuliza maswali, ila mbona hilo halikuwazuia kuwaandikisha madereva? Mtasema pesa ya mume ni ya mke. Kama ni yake, kuiandika jina lake kunawauma nini?

Jambo moja tu nitalikaza. Mshahara uwe wa kweli. Wako wahasibu watakaomwandika mke kwenye vitabu halafu pesa isitoke, na huko ni kumdhulumu mara mbili. Alipwe kwenye simu yake mwenyewe au akaunti yake mwenyewe, kwa kiwango ambacho mngemlipa mgeni anayeweza kuhesabu mifuko, kutunza daftari na kufukuzana na mafundi. Jaribuni kumtafuta mgeni huyo mwone atawadai ngapi.

Kwa akina mama wenye vibanda vya watu wawili ambako hakuna mshahara wa kuandika, marekebisho yaleyale ya 2022 yaliruhusu kuchangia kwa hiari. Nenda na kitambulisho chako cha taifa, ujiandikishe kwa jina lako, na pesa itoke kwenye droo ya duka, mume akijua. Na wabunge wetu watakapoishika tena Sheria ya Ajira, wakifute kile kifungu cha jamaa. Wengi wao wamesomeshwa na akina mama waliokaa nyuma ya kaunta namna hiyo, na wanajua ni nini walichoondoka nacho uzeeni.