Kabla useme mchaichai ni maji moto tu

Jumapili moja kwa chama chetu hapa Manyatta, Kisumu, mambo ya usingizi yalizuka na ikawa moto. Mama mmoja anayeuza majani na mizizi pale soko la Kibuye alikua anawaeleza wenzake vile mchaichai na kamomili humsaidia mtu kulala, sasa mwenzetu mwingine ambaye ni muuguzi akamkata, akasema hiyo ni maji moto tu, mtu akikosa usingizi aende hospitali. Kila mtu akachukua upande wake. Mimi nilinyamaza siku hiyo lakini hilo neno "maji moto tu" limekaa na mimi tangu hapo, manake huyo sista, yaani yule muuguzi, ana haki kubwa kwa aliyosema na bado nadhani kuna kitu amekipita bila kukiona.

Haki yake kwanza. Mchaichai umeshapimwa, na umepimwa Brazil ambako watu pia huunywa kwa ajili ya usingizi. Mwaka 1986 watafiti wa huko walichukua watu 50 waliojitolea, wakawapa mchaichai na plasebo, yaani kitu kisicho na dawa ndani, na anayekunywa hajui amepewa gani wala anayempa hajui. Wakaangalia mtu amechukua muda gani kulala, amelala vipi, ameota nini, ameamka vipi. Tofauti haikuonekana. Valeriani, mmea ambao mzizi wake unauzwa kwa tembe kwa maduka makubwa, nayo ilikusanyiwa tafiti 16 mwaka 2006, watu 1,093 kwa jumla, ikaonekana labda inasaidia kidogo lakini tafiti zenyewe zilikua za kuokoteza, na mwaka 2017 American Academy of Sleep Medicine, chama cha madaktari wa usingizi Marekani, wakashauri madaktari wasiitumie kwa mtu mwenye shida sugu ya usingizi. Lavenda ya kunusa ni ngumu hata kuipima vizuri, kwa sababu utamficha nani harufu?

Kwa hivo kama swali ni hili jani lina dawa ya kumwangusha mtu alale, sista ameshinda na sibishani naye.

Lakini angalia swali lenyewe. Wale wa Brazil waliweka mchaichai upande huu na plasebo upande ule. Hawakuuliza kile mimi ningeuliza hapa Kisumu, mchaichai dhidi ya chai ya saa tatu usiku. Sisi tunaishi chini ya Kericho na Nandi kunakolimwa chai, chai kwetu ni kama maji, mtu anarudi kazini anakunywa, mgeni akiingia inawekwa ingine, chakula cha jioni kikiisha ingine, halafu saa tano amelala anaangalia mabati akihesabu madeni. Kafeini, kile kitu cha kwa chai kinachomkesha mtu, ikiingia mwilini, baada ya masaa matano hivi karibu nusu yake bado iko. Kuna jaribio la 2013 ambapo watu walipewa miligramu 400 za kafeini masaa sita kabla ya kulala na wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi, na sitadanganya, 400 ni nyingi, ni kama vikombe nane vya chai, lakini hebu hesabu vyako tangu asubuhi halafu ongeza soda ya mchana uone umefika wapi. Mchaichai hauna kafeini hata chembe. Mama akiacha kikombe cha mwisho cha chai ya majani akaweka mchaichai mahali pake, amejiondolea kitu kinachomkesha, na hiyo faida ni ya kweli hata kama jani lenyewe halikufanya lolote. Jaribio la Brazil halikukosea, lilijibu swali lake tu, na sisi tumechukua hilo jibu tukaliweka kwa swali lingine.

Hapo kuna kosa ambalo wanaouza pia hawalisemi. Nyumba nyingi mchaichai unachemshwa pamoja na majani ya chai, maziwa na sukari, ni kiungo cha kuleta harufu nzuri. Ukifanya hivo umekunywa chai, basi. Nyanya yangu Vihiga alikua anakata majani marefu nyuma ya jikoni, yale yanakata vidole usipoangalia, anayafunga fundo moja kama kamba, anatumbukiza kwa sufuria maji yakishaepuliwa, anafunika. Hakuna kingine kinaingia. Maji yanatoka rangi ya kijani hafifu ikikaribia njano, na harufu yake ni kama ya limau.

Halafu kuna Piriton, na hii ndio inaniuma zaidi. Wale wanaocheka mchaichai, wengi wao wako na Piriton kwa mkoba. Unaenda kwa kemisti unasema sipati usingizi, hakuna anayekuuliza swali la pili, unahesabiwa zile tembe ndogo za njano zinaingia kwa bahasha ndogo ya kaki, unalipa pesa kidogo unaenda. Hiyo ni dawa ya mzio. Kulala ni madhara yake ya pembeni, na inakaa mwilini muda mrefu hadi asubuhi kichwa bado kizito na wewe uko kwa bodaboda ukielekea kazini. Mwili pia huzoea haraka dawa za jamii hiyo: mwaka 2002 wanaume 15 walipewa ndugu yake inayoitwa diphenhydramine, na kufika siku ya nne kusinzia kwao hakukua tofauti na wakipewa plasebo. Kwa mzee inaweza kumchanganya akili, ikamzuilia mkojo, akaanguka usiku akienda choo. Na ule mwongozo wa 2017 uliokataa valeriani ulikataa diphenhydramine vilevile. Sasa kwa nini ya kwanza tunaiita ushamba na ya pili tunaiita dawa?

Pombe nayo sitakaa sana hapo. Inamlaza mtu haraka na inamwamsha saa nane na kiu, kila mtu anajua jirani anayelala hivo.

Kitu kingine ambacho nadhani sista anajua vizuri kuliko mimi ni kwamba tiba ambayo madaktari wenyewe wanaiweka mbele kwa ukosefu wa usingizi sugu, ule wa usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu, haiko kwa tembe. American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, walisema hivo 2016, mtu aanze na tiba ya mazungumzo na mazoea: uamke saa ileile kila siku, uingie kitandani ukiwa na usingizi kweli, usipolala utoke, kitanda kisiwe mahali pa simu na mawazo. Inataka mtaalamu na vikao kadhaa, na mtaalamu wa hiyo kumpata huku si rahisi. Lakini mtazame mama na sufuria yake. Amezima runinga, amekaa kwa stuli, anapuliza kikombe, simu iko mbali kwa sababu mikono imeshika moto, kila usiku saa ileile. Hajui jina la hiyo tiba na bado amefanya kipande chake, na ukimwambia ni maji moto tu ataacha hicho kipande chote, arudi kwa simu na Piriton.

Harufu pia haidanganyi kila mahali. Kakamega, watu wanaoishi kando ya msitu wanalima mwonyi, ule mmea wa jamii ya mrihani wenye kafuri nyingi, na kikundi cha Muliru wanakamua mafuta yake wakatengeneza Naturub ya kupaka, ambayo ilisajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na 2010 walipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mwonyi sijasema unaleta usingizi. Unafungua pua, na mtu mwenye mafua akifunguka pua analala. Mmea huohuo ukifukizwa umeonekana kupunguza mbu, wamepima huku huku magharibi, na mbu akipungua sikioni nani hatalala? Neti ibaki pale pale lakini.

Sasa upande wangu nao una mambo ya kutisha na lazima niyaseme. Kuna wanaofukiza majani kwa jiko la makaa ndani ya nyumba, mlango na dirisha vimefungwa ili harufu isitoke. Hiyo inaua. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Mafuta yenye kafuri mtoto akiyameza anaweza kupata degedege, kwa hivo chupa ikae juu. Zile chupa za stendi hazina lebo, mtu ameandika "nguvu na usingizi" kwa kalamu, ndani huwezi jua kumechanganywa nini. Na tembe za mitishamba za kutoka nje usome nyuma: ukiona St. John's wort na wewe unameza ARV za dolutegravir, weka chini, inapunguza nguvu ya dawa yako. Hapa kwetu hilo ni jambo la watu wengi na mara nyingi wanameza kimya bila kumwambia daktari.

La mwisho ndilo nadhani sista alikua anajaribu kusema. Kukosa usingizi saa zingine ni mlango, nyuma yake kuna kitu. Mzee anakoroma halafu pumzi inakatika. Mtu anaamka kila alfajiri na huzuni ambayo hawezi kuitaja. Hapo mchaichai unachelewesha tu.

Mamangu ndiye alinifanya niandike. Alikua anameza Piriton kila usiku karibu mwaka mzima, tukamwambia tujaribu jinsi nyanya alikua anafanya, bila majani ya chai, saa mbili unusu, kikombe kidogo. Wiki ya tatu sasa haombi bahasha ya kaki, analala haraka kuliko zamani. Lakini bado anaamka mara nne kwenda haja ndogo, na hapo mwanzo nilidhani ni ule mchaichai, nikapunguza kikombe hadi nusu, bado mara nne. Nilimuuliza yule sista wa chama pembeni, hakunicheka, akaniuliza kama mama anasikia kiu sana mchana. Anasikia. Alhamisi tunaenda kupimwa sukari.