Tezi ya shingoni imesahauliwa
Makala niliyosoma kuhusu magonjwa ya homoni imeeleza vizuri jinsi sukari ya damu inavyopanda homoni ya insulini ikipungua au mwili ukiikaidi, lakini tezi ya thairoidi imepewa sentensi moja tu. Jamani, hapo ndipo wengi wanapoteseka bila kujua! Homoni ya tezi hiyo iliyo mbele ya shingo ikipungua, mwili mzima hupunguza kasi: uchovu usioisha hata ukilala, kusikia baridi wenzako wakitokwa jasho, choo kigumu, ngozi kukauka, uzito kupanda, hedhi kuvurugika. Ndugu watasema ni uvivu, au msongo wa mawazo (na wapo madaktari wanaoanzia hapo hapo). Kumbe kipimo cha damu cha TSH (homoni inayoiamuru thairoidi ifanye kazi) kingetosha kuonyesha pa kuanzia. Homoni ya thairoidi ikizidi nayo, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mtu anakonda na huku anakula vizuri.

Halafu wale wanaomeza prednisoloni (dawa inayofanya kazi kama kotisoli, homoni ya mwili inayosaidia kushikilia presha) kwa wiki nyingi, msiiache ghafla eti mmepata nafuu. Tezi za juu ya figo zinakuwa zimeshazembea kutengeneza kotisoli na haziamki siku hiyo hiyo. Presha inaweza kushuka vibaya. Daktari ndiye anayepanga dozi ipunguzwe kidogo kidogo.