Dripu ya haraka na watoto wa Muheza

Kila ukitajwa utafiti wa tiba kwa watoto, mtaani kwetu neno huwa moja: "Wanatufanyia majaribio watoto wetu." Hofu hiyo naielewa, mimi pia ni mzazi. Ila mtoto akitibiwa kwa njia ambayo haijapimwa kwa watoto kama yeye, hayo nayo ni majaribio. Tena ni mabaya zaidi, maana hakuna anayeandika matokeo.

Tuchukue dripu. Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa hospitali na homa kali, amelegea, mikono na miguu imepoa, miongozo ilielekeza aongezewe maji mengi ya mshipa kwa kasi. Ilionekana sawa kabisa: damu haizunguki vizuri, basi mwongezee maji. Ulaya na Marekani walifanya hivyo.

Ndipo ukaja utafiti wa FEAST, ukiongozwa na daktari mtafiti Kathryn Maitland wa Kilifi, Kenya, katika hospitali sita: Kilifi yenyewe, Muheza mkoani Tanga, na nne za Uganda, zikiwamo Mulago, Mbale na Soroti. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu. Dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu walipewa wote kadiri walivyohitaji. Tofauti ilikuwa kwenye maji ya haraka: wengine maji ya chumvi, wengine albumini (maji yenye protini ya damu), wengine hawakupewa.

Watafiti walitarajia dripu iokoe. Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Ndani ya saa 48, waliofariki bila maji ya haraka walikuwa asilimia 7.3. Waliopewa maji ya chumvi, 10.5. Albumini, 10.6.

Yaani watoto watatu zaidi katika kila mia, mikononi mwa watu waliokuwa wakihangaika kuwaokoa. Kila nikiisoma takwimu hiyo nawafikiria waliotibiwa vivyo hivyo miaka yote ya nyuma, bila mtu kuhesabu.

(Mama mwenye mtoto anayeharisha asikatae dripu kwa sababu ya maneno yangu. Waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuwamo katika utafiti huu, wala wenye utapiamlo mkali.)

Linalonipa shaka ni ridhaa. Mtoto akiwa mahututi, mzazi aliweza kukubali kwa mdomo kwanza, kisha maelezo kamili na saini vikafuata hali ilipotulia. Naona ilikuwa sawa, kwani mtoto yule asingeweza kusubiri karatasi. Lakini utaratibu kama huo unadai kamati za maadili zilizo macho, na muuguzi anayezungumza lugha ya mama aliyembeba mwanawe akiwa hoi.

Kinachonikasirisha hasa ni kilichofuata. Matokeo yalichapishwa Mei 2011. Miongozo ya WHO ya dharura za watoto iliyozipunguza dripu hizo ilitoka 2016. Miaka mitano, na jibu lilikuwa limeshapatikana kwa watoto wa Muheza na Mbale.