Dhamana ya upande mmoja: nani aaminiwe katika kukadiria nishati ya chembe nyingi?

Heliamu ina elektroni mbili tu, lakini zinatosha kuharibu hesabu. Haidrojeni, yenye elektroni moja, mwanafizikia Schrödinger aliimaliza mwaka 1926 kwa mlinganyo wake, kalamu na karatasi. Ikija ya pili, zinaanza kusukumana. Mahali ilipo moja panategemea alipo mwenzake, na mlinganyo haukubali tena kugawanywa vipande. Chukua chembe 300, kila moja ikiwa na hali mbili tu za kuchagua: namba zinazohitajika kuueleza mfumo mzima ni 2 kwa kipeo cha 300, nyingi kuliko atomu zote zinazokadiriwa kuwamo katika ulimwengu tunaouona. Mwanafizikia Dirac aliliona tatizo hili mapema, mwaka 1929. Sheria zenyewe zimekwisha kujulikana, alisema. Taabu ni kwamba milinganyo inayotokana nazo ni mizito mno kutatuliwa, hivyo zitafutwe njia za kukadiria.

Ubishi basi ni juu ya njia ipi. Wapo wanaotaka jawabu lenye dhamana, yaani hakika kwamba halitashuka chini ya nishati ya kweli, hata likiwa mbali kidogo na ukweli. Wapo wanaotaka jawabu lililo karibu, hata likija bila dhamana yoyote. Kwa muda mrefu nilikuwa na wale wa kwanza. Leo siko nao tena, ingawa sababu zangu si zile zinazotajwa sana.

Turudi kwa heliamu, maana namba zake zinasema mengi. Kuzing'oa elektroni zote mbili kunahitaji elektronivolti 79.0 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya vitu vidogo kama atomu), kwa hiyo nishati ya hali ya chini kabisa ni −79.0. Mwenye njia ya usumbufu anaanza kwa kujifanya elektroni hazisukumani: anapata −108.8, kosa kubwa la kutisha. Kisha anarudisha ule msukumo kama usumbufu mdogo, anaongeza wastani wake wa 34.0, na kufika −74.8. Mwenye njia ya variesheni anakwenda kwa mlango mwingine. Anabuni umbo la funksheni ya wimbi, ile inayoeleza elektroni zinaelekea kuwa wapi, anaacha kitu kimoja ndani yake kiweze kurekebishwa, kisha anakizungusha hadi nishati ishuke kadiri inavyoweza. Akikifanya kitu hicho kuwa chaji ya kiini jinsi elektroni inavyoihisi, anaona kwamba elektroni moja inamkinga mwenzake, na chaji inayofaa si 2 bali 27/16. Jawabu: −77.5. Mwaka 1929 Hylleraas alikwenda mbali zaidi kwa kuuingiza umbali kati ya elektroni mbili moja kwa moja ndani ya funksheni, na kwa vigezo vichache tu akaukaribia ukweli mno.

Nguvu ya njia hii ni kwamba nishati ya kweli ni sakafu. Buni funksheni yoyote, nzuri au ya hovyo, wastani wa nishati yake hautatoboa sakafu hiyo. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kushindana bila mwamuzi anayejua jawabu: aliye chini zaidi ndiye aliye karibu zaidi. Katika sayansi ni nadra kupata kipimo kinachokuambia umesogea mbele wakati mwisho wa safari huujui. Mbinu ya White ya mwaka 1992 kwa minyororo ya spini, yaani sumaku ndogo mno zilizopangwa mstari, imesimama juu ya kanuni hiyo, na mitandao ya neva inayofundishwa leo kuiga funksheni za wimbi inashushwa kuelekea sakafu ileile. (Kwa haki, ile −74.8 ya usumbufu nayo ina dhamana, kwa sababu jawabu la hatua ya kwanza ni wastani wa nishati kama wa variesheni. Dhamana hupotea kuanzia hatua ya pili.)

Sasa upande wa pili. Dhamana hiyo inakuambia uko juu ya sakafu. Haikuambii uko juu kwa kiasi gani. Temple alitoa njia ya kukisia kutoka chini mwaka 1928, lakini inadai ujue kitu kuhusu hali ya pili ya nishati na ukokotoe wastani wa mraba wa Hamiltoni (kitendo cha kihesabu kinachowakilisha nishati yote ya mfumo), na mara nyingi inachokupa ni kilegevu.

Hilo bado ni dogo. Hoja iliyonitoa upande wa kwanza ni kwamba karibu hakuna anayehitaji nishati yenyewe. Tunachotaka ni tofauti: kabla ya mmenyuko na baada yake, molekuli nzima na atomu zake zilizoachana. Molekuli ya nitrojeni ina nishati ya jumla inayokaribia −2,980 elektronivolti, ilhali kifungo kinachoshikilia atomu zake mbili ni kama 9.8 tu. Njia ya Hartree na Fock, ambayo huiacha kila elektroni ihisi wastani wa nyingine zote, huipata ile nishati ya jumla kwa zaidi ya asilimia 99. Ni ya variesheni, ina dhamana kamili. Lakini ukiiuliza nguvu ya kifungo inakupa karibu nusu. Kwa florini ni aibu tupu: inasema molekuli ina nishati kubwa kuliko atomu mbili zilizo mbalimbali, yaani haifai hata kuwapo. Kila namba iliyotumika hapo ilikuwa na dhamana yake. Lakini ukitoa kitu kilicho juu ya sakafu kutoka kwa kingine kilicho juu ya sakafu yake, kinachobaki hakina dhamana ya juu wala ya chini.

Wanakemia walilielewa hilo na wakafanya uamuzi ambao wapenzi wa kanuni waliuona kama usaliti. Walichukua njia ya vishada, inayozihesabu elektroni kwa vikundi vinavyoathiriana, iliyozaliwa katika fizikia ya viini vya atomu na kuingizwa katika kemia na Čížek mwaka 1966, wakijua kwamba jinsi inavyokokotolewa inaweza kutoboa sakafu. Walichopata badala yake ni sifa moja ya kawaida kabisa: molekuli mbili zisizogusana zinatoa nishati mara mbili ya moja. Njia za variesheni zinazochanganya mipangilio ya elektroni na kuishia katikati bila kuimaliza yote haziwezi hata hilo. Kosa lao hukua kadiri mfumo unavyokua. Toleo la mwaka 1989, linaloongeza msisimko wa elektroni tatu tatu, yaani kupandishwa kwao kwa pamoja hadi ngazi za juu, kwa njia ya usumbufu, ndilo lililokuja kuitwa kipimo cha dhahabu, kwani kwa molekuli tulivu hukaribia usahihi wanaoutaka wanakemia, yaani kama elektronivolti 0.04. Gharama yake ni kali: ukiukuza mfumo mara mbili, kazi ya kompyuta inazidi mara 128.

Je, wasio na dhamana wameshinda? Tusiende haraka. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba mfululizo wa usumbufu wa Møller na Plesset, unaotumika tangu 1934, unaweza kutawanyika hata kwa neoni, atomu iliyojifunga na yenye utulivu kuliko karibu zote. Hatua za mwanzo zinapendeza, za mbele zinaharibu. Na upo udhaifu mzito kuliko huo. Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza jinsi metali inavyopitisha umeme bila ukinzani. Nishati inayopatikana elektroni zinapojipanga jozi jozi inategemea nguvu ya mvuto wao kupitia kipeo hasi cha kinyume cha nguvu hiyo, yaani umbo kama e kwa kipeo cha −1/g, ambapo g ni nguvu hiyo. Fungua umbo hilo kama mfululizo kuanzia sifuri, na kila hatua inakupa sifuri. Unaweza kukokotoa usumbufu hadi hatua ya elfu moja na usilione jambo lenyewe. Wao walilipata kwa kubuni funksheni na kuishusha, naye Laughlin mwaka 1983 alibuni ya kwake kwa elektroni zilizobanwa katika uga mkali wa sumaku.

Watetezi wa variesheni hupenda kuishia hapo. Mimi nadhani sifa inapelekwa kusiko. Kilicholeta ushindi ni kuona kwamba elektroni zinakwenda jozi jozi. Sakafu ilithibitisha tu baadaye. Mwaka uleule wa 1957, Gell-Mann na Brueckner walishika mfululizo wa usumbufu wa gesi nene ya elektroni, ambao hatua yake ya pili ni namba isiyo na mwisho, wakajumlisha pamoja aina moja ya michango kutoka hatua zote na kutoka na jawabu safi. Nao waliona kitu, yaani jinsi elektroni nyingi zinavyozima msukumo wa mbali.

Nadharia ya msongamano wa elektroni imekaa pembeni ya ubishi wote huu, na inatumika kuliko zote. Hohenberg na Kohn walithibitisha mwaka 1964 kwamba msongamano peke yake unatosha kuipata nishati ya chini kabisa, na kanuni ya sakafu imo humo. Tatizo ni kwamba fomula kamili hakuna aliyeiona. Zinazotumika ni za kukisia, na sakafu haizihusu. Makisio ya kwanza ya aina hiyo, ya Thomas na Fermi mwaka 1927, yalikuwa na dosari ambayo Teller aliithibitisha mwaka 1962: ndani yake hakuna molekuli inayoweza kushikamana. Ya sasa yanashikamanisha molekuli vizuri, kisha yale ya kawaida yanakuambia pengo la nishati la silikoni, yaani nishati ambayo elektroni inaihitaji ili iwe huru kupitisha umeme, ni kama nusu ya elektronivolti 1.1 iliyopimwa. Watu wanayaamini kwa rekodi, si kwa uthibitisho, na sioni ubaya ilimradi rekodi hiyo ihusu vitu vinavyofanana na unachokokotoa.

Pa kuogopa ni pale nitrojeni inapovutwa. Ikiwa katika umbali wake wa kawaida, vishada vya dhahabu vinatoa jawabu karibu kamili. Tenganisha atomu taratibu, na mipangilio mingi ya elektroni inaanza kugombea nafasi ambayo njia hiyo iliitengea mmoja. Mchoro wa nishati unapanda, unafika kilele ambacho asili haina, kisha unashuka chini ya ukweli, kana kwamba atomu zinapata nafuu kwa kuachana. Kompyuta inaikubali namba hiyo kwa desimali nane bila kusitasita. Anayeikataa ni yule aliyechora mchoro mzima badala ya kusoma nukta moja.